Madirisha mapya kwenye nyumba kongwe ya shambani: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na nusu

Nyumba yetu ya shambani ilijengwa na watu wasio na haraka, na nadhani wasio na pima maji pia. Ina madirisha 11 ya mbao na hakuna mawili yanayolingana. Mengine yalipakwa rangi juu ya rangi mpaka yakagoma kufunguka. Mengine ukiyafunga usiku wa upepo, pazia bado linacheza. Nimebadilisha 8.

Nilianza vibaya. Wiki nzima nilihangaika na swali la fremu, mbao au alumini au PVC (plastiki ngumu), nikabishana na mke wangu hadi akachoka. Kumbe kazi inaanza na bisibisi. Seremala tuliyemwita hakuja na sampuli yoyote. Alitoa bisibisi mfukoni akaanza kuchoma kona za chini za kila fremu, moja baada ya nyingine. Penye mbao nzima ncha iligonga ikarudi. Kwenye dirisha la jikoni ilizama karibu yote, taratibu, kama inaingia kwenye sabuni iliyolowa, na rangi ya juu ilikuwa inang'aa vizuri tu! Yaliyooza akayatia alama ya chaki. Matatu hayakuwa na tatizo, akaniambia niyaache: yakwanguliwe, yawekwe pati mpya ya kushikilia kioo na mpira wa kuzuia upepo pembeni, basi. Fundi anayekupunguzia kazi yake mwenyewe ni wa kumshika mkono.

Ya pili ni vipimo, na hapa nyumba kongwe haina mzaha. Upana tulipima mara tatu, juu, katikati na chini, urefu vilevile, tukachukua kipimo kidogo kuliko vyote. Kisha kamba kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. Dirisha likiwa limekaa sawa, hizo kamba mbili zinalingana. La sebuleni zilitofautiana milimita 19. Ukiagiza dirisha kwa kipimo kimoja cha katikati, siku ya kulipachika utalia.

Kuhusu upachikaji, unaweza kuingiza dirisha jipya ndani ya fremu ya zamani au kung'oa kila kitu mpaka ukutani. La chumba cha kulala tuliingiza, kwa sababu fremu ya zamani ilikuwa nzima na sikutaka lipu ivunjwe. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Lakini fremu ndani ya fremu inakula kioo, na lile dirisha lilikuwa dogo tangu mwanzo. Sasa mchana nawasha taa kutafuta soksi. Ningerudi nyuma, ningeng'oa.

Fremu zenyewe? Alumini ya kawaida niliikataa. Inapitisha joto na baridi bila kipingamizi, na asubuhi za baridi inatoka jasho kwa ndani. Ipo yenye ukanda wa plastiki katikati unaokata hiyo njia, ila mfuko wangu haukuifikia. Nikachukua mbao kwa madirisha 6, kwa sababu mbao unaweza kuiranda ifuate ukuta uliopinda, na PVC kwa 2 ya upande unaopigwa na mvua. PVC haiozi wala haidai rangi, ingawa fremu zake ni nene na kwenye ukuta wa zamani zinaonekana kama meno ya bandia.

Na hizo PVC zina vitundu vya kutolea maji kwa chini, upande wa nje. Kijana aliyekuja kumalizia alividhani ni kasoro, akaviziba kwa silikoni, tena kwa ustadi. Mvua ya kwanza maji yakasimama ndani ya reli kama hori la ng'ombe. Nilivizibua kwa msumari.

Vioo ni vya tabaka mbili, vyenye gesi ya argoni katikati na utando usioonekana wa kurudisha joto. Kioo kimoja cha kawaida hupitisha takriban wati 5.8 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii ya tofauti kati ya ndani na nje. Viwili vya aina hii hushuka hadi karibu 1.1. Sina kifaa cha kupima, lakini pazia limetulia, na jogoo simsikii tena, kwa hiyo nachelewa kuamka.

Lalamiko langu kubwa ni kwa kampuni iliyotuuzia. Mwezi wa nane kioo kimoja kiliingia ukungu katikati ya tabaka. Nikapiga simu, nikaambiwa nifute. Nifute vipi, na ukungu uko ndani? Gundi ya ukingoni ilikuwa imeachia. Tulivutana wiki tano ndipo wakabadilisha kioo, fremu ikabaki, na kazi ya kupachika nikailipia mimi kwa sababu dhamana ilitaja kioo peke yake. Hilo ningelisoma kabla ya kuweka sahihi.

Yale matatu ya zamani bado yapo. Vioo vyake vina mawimbi. Ng'ombe akipita nje, shingo inarefuka, kisha inajikunja, kisha anakuwa ng'ombe tena. Hayo siyagusi.