Shahada ya kemia kwa masomo huria ukiwa Mtwara au Lindi: nadharia inasomeka, maabara ndiyo kazi

Aliye kazini Newala, Ruangwa au Kilwa na anataka shahada ya kwanza ya sayansi yenye kemia bila kuhama nyumbani, mlango wake wa karibu ni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1992 na chenye vituo vya mikoa Mtwara na Lindi. Wapo pia wanaojisajili vyuo vya nje kwa mtandao. Hapa hatulinganishi vyuo. Tunapima huduma yenyewe: ukisoma kemia kwa mbali ukiwa Kusini unapata nini, na unakwama wapi. Kwa kifupi, nadharia tunaipa nyota nne kati ya tano. Maabara nyota mbili, na hizo mbili ni za anayejipanga.

Tuanze na muda, maana hapo ndipo wengi wanapojidanganya. Kwa viwango vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) shahada ya kwanza ni krediti 360 kwa uchache, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi: kusoma, kuandika, maabara, mitihani, vyote humo. Jumla yake ni saa 3,600. Mwalimu anayepata saa 12 kwa wiki, wiki 40 za mwaka, anatimiza saa 480, na kwa mwendo huo atamaliza baada ya miaka saba na nusu. Akifikisha saa 20 kwa wiki 45, ni saa 900 kwa mwaka, yaani miaka minne. Kila chuo kina ukomo wake wa miaka, kwa hiyo piga hesabu hii kabla ya kulipa chochote. Mwenye mikorosho aongeze jambo moja: msimu wa kupulizia salfa na ule wa kuokota korosho unakula jioni zote, na dirisha la usajili halisubiri mnada.

Sifa za kujiunga moja kwa moja ni prinsipo mbili za kidato cha sita zenye pointi zisizopungua 4, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kila kozi huongeza masharti yake ya masomo, nayo yamo kwenye mwongozo wa TCU wa mwaka unaoomba. Angalia pia kemia imefungwa na somo gani, maana si ajabu kuikuta imeunganishwa na hesabu, biolojia au ualimu. Waliotoka PCB (fizikia, kemia na biolojia) wakiwa na BAM tu, yaani hesabu za msingi, huingia kwa kujiamini, halafu kemia fizikia inawashika shingo: kasi ya mmenyuko na thamodainamiki zinataka kalkulasi na logi za kila siku. Wiki sita za kurudia hesabu kabla ya kufungua moduli ya kwanza zina faida kuliko semina yoyote.

Upande wa nadharia mambo ni mazuri kuliko watu wanavyodhani. Vitabu vya OpenStax ni bure, na tangu 2023 kitabu kikubwa cha kemia ogania (kemia ya kaboni) cha John McMurry nacho kimo humo bila malipo. Pakua PDF nzima ukiwa mjini penye mtandao mzuri, usitegemee kusoma mtandaoni. Mei 2024 hitilafu ya nyaya za chini ya bahari ilishusha intaneti nchi nzima, na aliyekuwa na kitabu kwenye simu hakupoteza siku. Michoro-tembezi ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nayo hupakuliwa na kufanya kazi bila bando. Inafaa sana kwa msawazo wa milinganyo, gesi na pH. Kwa maumbo ya molekuli, hasa isoma (molekuli zenye atomu zile zile kwa mpangilio tofauti) zinazotazamana kama mkono wa kulia na wa kushoto, skrini haitoshi. Chukua udongo wa mfinyanzi na njiti za mishikaki, tengeneza kaboni yenye pembe za nyuzi 109.5, uigeuze mkononi mpaka uone kwa nini nakala mbili hazilaliani.

Kikokotoo cha kisayansi ni lazima, na kina mtego mmoja unaomaliza alama. Ukitaka kugawa 1.2×10²² kwa namba ya Avogadro (6.022×10²³, idadi ya chembe katika moli moja) ukabonyeza alama ya kuzidisha kisha 10 na kipeo, bila mabano, mashine inagawa kwa 6.022 halafu inazidisha kwa 10²³. Unapata 1.99×10⁴⁴ badala ya moli 0.0199. Tumia kitufe maalumu cha ×10ˣ au weka mabano. Msahihishaji akiona moli nyingi kiasi hicho hata njia yako haisomi vizuri.

Kwa ogania, anayeishi Kusini ana mfano mlangoni. Mafuta ya ganda la korosho yanayobabua vidole vya wabanguaji yana asidi ya anakadiki: ni asidi ya salisiliki iliyobeba mkia wa kaboni 15. Ukiipasha moto kundi la kaboksili linatoka kama kaboni dioksidi, inabaki kadanoli, ambayo ni fenoli. Mmenyuko huo mmoja unabeba fenoli, asidi za kaboksili, mkia usiopenda maji, na sababu ya moshi wa kukaangia korosho kuwasha macho. Ukiuelewa huo, sura tatu za kitabu zinakuwa nyepesi.

Sasa maabara. Hakuna kemia bila mikono, na mikono haisomi kwa mbali. Katika masomo ya aina hii vipindi vya vitendo hurundikwa kwa siku chache mfululizo mahali penye maabara, na aliyeshika bureti (bomba lenye vipimo la kudondoshea kimiminika) mara ya mwisho kidato cha sita anakuta majaribio yanapita kabla vidole havijazoea. Makosa ni yale yale. Chupa ya koni inasuuzwa kwa myeyusho badala ya maji yaliyotoneshwa, moli zinaongezeka, jibu linapanda. Kiputo cha hewa kinabaki chini ya bomba la bureti, kikitoka katikati ya kazi kinasomeka kama asidi iliyotumika. Tone la mwisho la pipeti linapulizwa, wakati pipeti imepimwa pamoja na tone hilo kubaki. Pamanganeti inasomwa chini ya mkunjo wa uso wa kimiminika ambako rangi imeziba, badala ya juu. Rangi ya waridi ya kiashiria cha finofthalini inafifia baada ya dakika kwa sababu ya kaboni dioksidi ya hewani, mtu anadhani hajafika, anaongeza tone.

Dawa yake ipo karibu: maabara ya sekondari ya kata. Mwandikie mkuu wa shule, pitia kwa mwalimu wa kemia, omba Jumamosi mbili au tatu, na nunua mwenyewe kemikali utakazotumia. Fanya zoezi moja mpaka litulie: kutafuta ukali halisi wa myeyusho wa sodiamu haidroksaidi, ambayo huwezi kuiamini kwa mizani kwa sababu inafyonza unyevu na kaboni dioksidi ukiwa bado unaipima. Pima gramu 0.51 za potasiamu haidrojeni thaleti, asidi ya unga inayoaminika kwa mizani (moli moja ni gramu 204.22), yeyusha, titresha, yaani dondoshea haidroksaidi kutoka kwenye bureti mpaka kiashiria kibadili rangi. Kama haidroksaidi yako kweli ni 0.1 M (moli 0.1 kwa lita), itakwenda karibu sentimita za ujazo 25. Rudia mpaka usomaji tatu zitofautiane kwa si zaidi ya 0.1. Mizani ya shule ikiwa inasoma desimali mbili tu, ongeza kiasi: gramu 5.11 kwenye chupa ya mililita 250, kisha chota 25 kwa pipeti.

Majaribio ya asidi kali usiyalete nyumbani. Kemikali za viwandani na majumbani zina sheria yake, Sura 182, chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, na kubeba chupa ya asidi ya salfa kwenye basi la abiria ni kosa na ni hatari. (Chuo huria cha Uingereza kilipoanza kufundisha mwaka 1971 kilikuwa kikituma masanduku ya majaribio kwa posta. Zama hizo usizitegemee.)

Vipindi vikipangwa Dar es Salaam, hesabu zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini, na usipange kufika usiku wa kuamkia siku ya kwanza kama ni masika. Mei 2024, kipindi cha Kimbunga Hidaya, barabara ilikatika Somanga na magari yakalala njiani siku kadhaa. Fika siku mbili kabla, ukiwa na koti jeupe, miwani ya kinga, viatu vya kufunika vidole na daftari lenye kurasa zilizoandikwa namba. Kalamu ya risasi haikubaliki kwenye rekodi za majaribio.

Anayefikiria chuo cha nje aulize mambo mawili kwanza kwa maandishi: saa ngapi za maabara ya ana kwa ana zimo ndani ya shahada, na zinafanyikia wapi. Kisha awasiliane na TCU, ambao ndio wanaotambua tuzo za nje. Kozi inayosema maabara yote ni ya kompyuta inaweza kukufaa kwa maarifa, ila mwajiri wa maabara ya maji, saruji au gesi atakukabidhi bureti na sampuli siku ya usaili.