Huduma ya dharura kwa mtoto aliyeziba utumbo: tathmini ya mzazi

Kitengo cha dharura cha watoto kilichomhudumia binti yetu wa miezi 7 kinastahili sifa kwanza kwa sababu muuguzi wa mapokezi alijua la kuuliza. Kabla ya kujaza fomu yoyote, alitaka kujua rangi ya matapishi, iwapo kilio kilikuwa kikija na kuondoka, na kinyesi cha mwisho kilikuwaje. Tulipoeleza kwamba mtoto hulia ghafla huku akikunja miguu tumboni, kisha hunyamaza na kulegea kabla ya kilio kurudi, na kwamba matapishi yameanza kuwa ya kijani, tuliondolewa kwenye foleni papo hapo. Rangi hiyo ni ya nyongo, na kwa mtoto mchanga huhesabiwa kuwa dalili ya utumbo kuziba mpaka vipimo vioneshe vinginevyo, kwa kuwa utumbo uliojisokota huweza kukosa damu na kufa ndani ya saa chache.

Ultrasaundi ilionesha kuwa sehemu ya utumbo mwembamba imejiingiza ndani ya utumbo mpana, hali inayowapata zaidi watoto wa kati ya miezi 3 na miaka 3. Hakuna aliyesubiri kinyesi chenye damu na kamasi, na hilo nalipongeza kwa dhati, maana dalili hiyo mara nyingi huchelewa na watoto wengine hawaioneshi kabisa. Mtoto aliwekewa dripu, akapitishiwa mpira puani hadi tumboni, na daktari wa upasuaji akaitwa awe karibu. Ndipo hewa iliposukumwa kwa shinikizo la kupimwa kupitia njia ya haja kubwa, huku eksirei ikifuatilia utumbo ukirudi mahali pake. Ikiwa utumbo haujatoboka, njia hii hufaulu kwa watoto takriban 8 kati ya 10, na wasiofanikiwa hupelekwa kupasuliwa bila kuchelewa. Kwa maoni yangu, kituo kinachosukuma hewa bila mpasuaji aliye tayari hakifai, hata kama mashine zake ni mpya.

Udhaifu niliouona ni wa mawasiliano. Tulikatazwa kumnyonyesha bila kuambiwa kwamba tumbo lilipaswa kuwa tupu endapo angehitaji dawa ya usingizi, na kwa mama anayesikiliza mtoto akililia ziwa, ukimya huo ni mateso. Vilevile, tatizo hurudi kwa takriban mtoto 1 kati ya 10, mara nyingi ndani ya siku 2 za mwanzo, lakini onyo hilo tulipewa kwa mdomo tu wakati wa kuruhusiwa, tukiwa hatujalala. Nilipoomba maelezo zaidi, daktari wa zamu aliketi nasi akatuandikia dalili zote za kutufanya turudi upesi. Karatasi kama hiyo ingepaswa kumfikia hata mzazi asiyeuliza.