Gari la Kichina nalipenda, walioniuzia siwataki

Usinunue gari la Kichina kwenye yadi ambayo wauzaji wenyewe wanalidharau. Hilo ndilo lililonileta hapa.

Kioo cha dirisha la dereva kilizama ndani ya mlango nikiwa Uhuru Highway hapa Nairobi, karibu na uwanja wa Nyayo, masika yameshika kweli kweli. Nabonyeza swichi, nasikia mota inanguruma mle ndani, kioo hakipandi. Matatu zikanirushia maji ya barabarani mpaka kwenye usukani. Nilifika kazini Industrial Area nimelowa upande mmoja wote.

Nikarudi kwa walioniuzia, Mombasa Road, wale wale walionikaribisha kwa chai siku ya kulipa. Kijana wa kaunta ya spea hakuinua hata macho kwenye simu yake. "Hakuna. Mpaka iagizwe China." Lini? "Miezi miwili, mitatu." Na dhamana mliyonipa? Ndipo akaniangalia: "Mama, hii ni gari ya Mchina. Ulitaka Mercedes, ungenunua Mercedes." Wenzake wakacheka.

Yaani pesa yangu mmekula, halafu mnanicheka kwa kuwapa! Hii dharau ya "mali ya Mchina" tumeibeba tangu enzi za simu feki, zile zilizozimwa hapa Kenya mwaka 2012. Lakini mwaka 2023 China iliipita Japani ikawa ya kwanza duniani kwa kuuza magari nje. Magari madogo ya Volvo yako mikononi mwa Geely, kampuni ya Kichina, tangu 2010. BYD, Wachina pia, walianza na betri mwaka 1995, na mabasi yao ya umeme yamebeba abiria hapa hapa Nairobi. Anayeuza magari haya hajui?

Nikaenda Kirinyaga Road. Hapo, kusema kweli, niliwaonea wivu wenye Toyota Probox, maana spea zao ziko kila mlango. Kwangu mimi, duka baada ya duka walitikisa kichwa. Mwishowe fundi mmoja akafungua mlango wa gari, akaonyesha kebo iliyochomoka kwenye pulei, akairudisha na kuipaka grisi. Mota nzima, kioo kizima. "Hawa wameunda vizuri," akasema, akigonga bati. Kazi ya miezi mitatu iliisha kabla chai yake haijapoa.

Ningelinunua tena? Ndiyo. Linapanda mlima wa Limuru bila kulalamika, na nilikuwa wa kwanza kulikalia, si kama mtumba wa Japani wa miaka saba uliotumiwa na watu nisiowajua. Lakini siku kitakapoharibika kitu kisichotibika kwa grisi, nitakwenda kwa nani? Kwa yule kijana? Basi hapana, silinunui. Angalau si pale.

Shemeji yangu analitaka la aina hiyo hiyo. Nimemwambia aanzie kaunta ya spea, aulizie mota ya dirisha, na asikilize anavyojibiwa kabla hajauliza bei ya gari.