Moduli ya kuchomeka kadi bila kuzima mashine: nyota 4

Nimeitumia miezi kadhaa hii moduli ya volti 12 na kazi inafanya kweli. Zamani nilikuwa nachomeka kadi (zile bodi za saketi) kavukavu mashine ikiwa inawaka, kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi chaji) za kwenye kadi zikiwa tupu zinafyonza umeme kwa pupa, volti ya laini nzima inashuka ghafla na kadi jirani zinajiristati zote, cheche juu. Sasa humu kuna mosfeti (swichi ya kielektroniki) inafunguka kupitisha umeme taratibu, kapasita zinajaa polepole, halafu kuna karezista kadogo kanapima ampia (kiasi cha umeme unaopita), zikizidi tu moduli inakata yenyewe.

Nilichopenda zaidi ni pini aisee, za graundi ndefu zinagusa kwanza, za umeme zinafuata, ile fupi kabisa inagusa mwisho ndo inaiambia moduli haya washa, yaani kadi ikikaa upande haiwaki ng'o.

Kero sasa, taa ya buluu ya kukuambia unaweza kuchomoa imefichwa nyuma ya kishikio, nani alibuni hivi?? Mi nilishachomoa kabla haijawaka, programu ilikuwa bado inaandika, faili zikaharibika, kosa nusu langu nusu lao. Alafu ukiwa na kadi yenye kapasita kubwa sana mosfeti inachemka wakati wa kuwasha, ikabidi niongeze kapasita kwenye geti (mguu wa kuiwasha mosfeti) ili volti yake ipande polepole zaidi, kwenye maelekezo hawajagusia kabisa. Mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli haumo kwenye boksi, uwe na wako.