Kumrudishia mwandaaji pesa yake nje ya nchi: uliza kwanza habari ya kutolea

Tarehe 7 Julai mwaka jana, Siku ya Kiswahili Duniani, kikundi chetu kilifanya shughuli Bagamoyo, Mombasa, Kampala na Hamburg kwa siku moja. Wote tunajitolea. Mtu anatoa mfukoni mwake, anatunza risiti, shughuli ikiisha anarudishiwa. Mfuko wetu uko Hamburg, unatunzwa na dada yetu mmoja aliyeolewa huko.

Hapa Magomeni ya Bagamoyo kijana wetu alikodi viti, turubai na spika, akanunua maji na maandazi ya watoto. Jumla ilikuwa shilingi 420,000, na sehemu yake aliikopa kwa shemeji yake. Mimi ndiye niliyesema tumrudishie kwa benki. Dada akatuma euro za kutimia 420,000 barabara. Siku ya nane zikaingia 351,000.

Nilikwenda kuuliza dirishani. Nikaambiwa ni makato ya benki ya katikati. Ipi hiyo, imekata kwa idhini ya nani? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kujua. Elfu sitini na tisa za kijana asiye na mshahara zimepotea hivihivi, na kila ninayemuuliza ananionyesha mwenzake.

Tangu hapo nimepokea malalamiko ya namna hiyo kutoka kwa waandaaji wenzangu wengi, ndiyo maana naandika. Kasi na uzuri wa programu za kutuma pesa sitavigusa. Hayo kila mtu anayasifia. Mimi naangalia jambo moja: mpokeaji anashika shilingi ngapi mkononi? Kwetu ukimtumia mtu pesa unamtumia na ya kutolea, yaani ada atakayokatwa na wakala, ndiyo adabu. Zawadi ikipungua njiani bado ni zawadi. Rejesho likipungua, umemchangisha mtu bila kumwomba.

Kwangu ya kwanza ni Wise, kampuni ya kutuma pesa nje kwa mtandao, na sioni haya kuipendelea. Waliianzisha Waestonia wawili mjini London mwaka 2011. Mmoja alilipwa kwa euro lakini akiishi kwa pauni, mwenzake alilipwa kwa pauni na ana mkopo wa nyumba Estonia. Wakawa wanabadilishana wao kwa wao, nipe hapa nikupe kule. Wafanyabiashara wa pwani hii wanaujua mtindo huo tangu enzi za majahazi. Ninachokipenda ni kwamba unaandika kiasi unachotaka kifike, si unachotuma. Dada anaandika 420,000, inamwonyesha euro za kulipa, na ada imetajwa peke yake, haikufichwa ndani ya bei ya kubadilishia. Inapeleka shilingi ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda. Upungufu wake ni kwamba huwezi kuianzishia safari kwa shilingi za hapa, kwa hiyo inafaa pale tu mfuko ulipo Ulaya au kwingine inakopokea pesa. Na kama pesa inaingia kwenye simu, ongeza ya kutolea, hilo haitakukumbusha.

Mfuko ukiwa hapa na mwandaaji yuko Mombasa, tumia M-Pesa. Kenya wanayo tangu 2007, sisi tangu 2008, na kutoka 2015 pesa inavuka mpaka simu kwa simu. Mpigie kwanza mwenzako umuulize wakala wake anakata kiasi gani. Muulize pia laini imesajiliwa kwa jina la nani. Wengi wanatumia laini ya mama au ya kaka, na mweka hazina akija kulinganisha risiti na muamala, majina hayaoani, vikao vitatu vinaishia hapo.

Western Union naiweka ya tatu, kwa mtu asiye na akaunti wala laini yenye jina lake. Anakwenda na kitambulisho, anahesabiwa noti, hakuna ya kutolea. Ila hapo tazama bei ya kubadilishia. Benki Kuu hutangaza bei yake kila siku; ilinganishe na ile unayopewa. Tofauti hiyo ni ada, hata bango likiandika kutuma ni bure. Mabango hayo yananikera kupita kiasi. Mtu anatangaziwa bure, kumbe amekatwa kwenye euro kabla hajaondoka dirishani, na hakuna risiti inayoonyesha alichokatwa.

Benki iwe ya mwisho, kwa pesa kubwa tu, kama ukumbi na nauli za watu kumi. Kwenye fomu ya kutuma nje kuna mahali pa kuchagua nani abebe gharama, na pana vifupisho vitatu. SHA maana yake mnagawana, makato ya njiani yanamwangukia mpokeaji. BEN, yote ni yake. OUR, yote ya mtumaji. Yetu ilikwenda kwa SHA kwa sababu ndiyo iliyokuwa imekwisha jazwa, na dada hakuulizwa. Miezi miwili nafuatilia, ndipo nikaambiwa maana ya herufi hizo tatu, na aliyeniambia si mtu wa benki. Andika OUR kwa mkono wako. Kwenye sababu ya malipo andika rejesho la gharama za shughuli, usiandike malipo, mtu asije akahojiwa kama aliyeajiriwa.

PayPal kwa Tanzania usijisumbue: akaunti ya hapa inatuma, haipokei. Kumpa abiria wa basi anayevuka mpaka wa Kenya pale Horohoro ni rahisi kuliko zote, lakini hana risiti ya kukupa.

Yule kijana tulimtumia 69,000 zake baadaye kwa Wise, pamoja na ya kutolea. Shemeji yake alikuwa ameshamdai mara tatu.