Iditarod: mikanda ya dhahabu au taa nyekundu?

Mbio za Iditarod za sleji, yaani magari ya kuteleza thelujini yanayovutwa na mbwa, kutoka Anchorage hadi Nome huko Alaska, zina tuzo nyingi, lakini mbili ndizo zinazonivutia.

Ya kwanza humwendea mbwa: kiongozi aliyetia fora huvishwa mikanda ya kuvutia sleji, ya rangi ya dhahabu. Imepewa jina la Lolly Medley, fundi wa mikanda hiyo, ambaye yeye na Mary Shields walikuwa wanawake wa kwanza kumaliza mbio hizi, mwaka 1974. Ni haki kabisa; mwenye kuvuta ndiye apewe.

Ya pili, Taa Nyekundu, ni ya anayeshika mkia. Ilianza kwa mzaha, leo ni heshima. Mwaka 1973 John Schultz alifika Nome baada ya siku 32, wakati bingwa Dick Wilmarth alitumia kama 20. Pale mwisho wa safari huning'inizwa taa nyingine, desturi ya enzi za wabeba barua kwa sleji, na haizimwi hadi wa mwisho aingie. Yeye mwenyewe ndiye huizima.

Mimi nachagua Taa Nyekundu. Bingwa na mbwa wake tayari wana kamera za kutosha.