QGIS kwenye kompyuta ya GB 8: faharasa ndiyo iliyoniokoa

Kazi yangu ni ramani za mafuriko hapa Dar es Salaam, na jembe langu ni QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani. Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, na ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002.

Juzi nilitaka majengo yote yaliyo ndani ya mita 60 kutoka Mto Msimbazi. Nilikuwa na majengo ya jiji zima kutoka OpenStreetMap, ramani huria ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea, kwenye shapefile, aina ya faili za ramani. Nikabonyeza kuanza utafutaji, mstari wa maendeleo ukasimama asilimia 3. Nikanywa chai ya tangawizi, nikarudi, bado 3.

Onyo lilikuwa limeandikwa pale pale dirishani: tabaka (yaani data ya majengo) halina faharasa ya kijiografia. Maana yake, kwa kila kipande cha mto, kompyuta inakagua kila jengo, hata la Bunju huko kaskazini. Faharasa inayapanga majengo kwa visanduku, na vilivyo mbali vinarukwa bila kuguswa. Nikaitengeneza, nikarudia kazi. Kikombe cha pili hakijapoa, Jangwani, kando ya mto huo, imeshajaa rangi nyekundu ya majengo yaliyopatikana!

Siku hizi nahifadhi kila kitu kwa GeoPackage, aina nyingine ya faili za ramani. Faili ni moja, faharasa inaundwa humo humo, na majina ya safuwima hayakatwi kwenye herufi ya 10 kama kwenye shapefile.

Kwa mwenye mashine ndogo, QGIS naipa nyota tano. Na ukiwa unapanga matabaka, ondoa tiki ya Render chini kulia, ramani isijichore upya kila unapogusa kitu.